Tupeane uzoefu: siku wanamaji walipokukuta, na hakukuwa na vita

Mtu wa Malindi (mwanzisha mada)
Asalaam aleikum. Kila Agosti ikifika watu wa mji huu wa Zanzibar tunarudia hadithi ileile: vita vya 1896 na Waingereza, havikufika saa moja, jumba la Sultani likavunjwa kwa mizinga, meli yake Glasgow ikazama, basi. Marehemu babu yangu, mchukuzi wa bandarini, alikuwa akichukia. "Mnaihesabu ile meli kwa asubuhi yake ya kufa tu." Yeye akianzia mbali: kimbunga cha Aprili 1872 kilichovunja merikebu za Sultani, Sayyid Barghash, Sayyid akaagiza nyingine Scotland, ikaja 1878, imeigwa manowari ya Kiingereza ya jina hilohilo iliyowahi kutia nanga hapa. Imeelea mbele ya mji miaka 18. Hata ilipolala chini, milingoti yake ilibaki nje ya maji mpaka 1912, na baba yake babu akiyatazama maji yamejaa au yamekupwa kwa milingoti hiyo.

Kwa hivyo nataka ya amani. Manowari, boti ya doria, KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo), wanamaji wa JWTZ, wageni waliokuja na meli zao, yoyote. Uliyoyaona mwenyewe, au ya mzee wako uliyoyasikia kwa kinywa chake. Siasa tuziache mlangoni na viatu.

Langu dogo. Nilikuwa na miaka tisa, tunaruka majini pale Forodhani, nguo tumeziacha ukingoni. Ikapita boti ya doria kwa kasi, wimbi likapanda likazoa kaptula yangu ya skuli. Nikakaa majini mpaka vidole vikajikunja kama vya bibi. Baharia mmoja akaiona inaelea, boti ikazunguka, akaiokota kwa upondo na kuninyooshea kwa adabu zote kama anampa mtu hati ya nyumba. Wenzangu waliniita Kepteni Kaptula mpaka darasa la saba.

Mvuvi wa Nungwi
Yangu haichekeshi, mnisamehe.

Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011. Meli ya abiria Spice Islander ilitoka Malindi kwenda Pemba, imejaa, na ikalala ubavu kwenye mkondo wetu saa za usiku mkubwa. Sisi tulijua kwa simu. Mtu kampigia dada yake, dada kaja kugonga dirisha. Tulishusha mashua giza bado. Nilichokiona kwanza ni magodoro. Yalikuwa mizigo ya biashara, na kila godoro lina watu wameling'ang'ania, watatu, wanne. Tukawa tunapakia mpaka maji yanakaribia kuingia, tunarudi pwani, tunakwenda tena. Asubuhi zikaja boti za KMKM, na za wanamaji, na za hoteli za wazamiaji, hakuna aliyeuliza hii ya nani.

Kuna askari mmoja wa KMKM nilifanya naye kazi kutoka asubuhi mpaka alasiri, yeye kwenye boti yao mimi kwenye mashua yangu, tunapokezana watu. Sikumuuliza jina na yeye hakuniuliza. Kila tukikutana ananyoosha vidole: wangapi? Nami nanyoosha vyangu. Mchana ikafika safari nanyoosha ngumi, hakuna hai. Akainua mkono tu, akageuza boti kwenda tena.

Walioopolewa hai walipindukia 600. Maiti zilizopatikana ni 203, zikalazwa uwanja wa Maisara watu watambue wao, na wasiotambuliwa wakazikwa kijiji cha Kama. Wazamiaji wa Afrika Kusini waliletwa, lakini pale kina ni kikubwa na mkondo hauna huruma, wakaacha. Mimi tangu siku ile godoro jipya silali mpaka lizeeke kidogo.

Mama wa Kisiwa Panza
Mungu awarehemu. Mie nilikuwa na ndugu watatu mle.

Langu ni fupi. Uchungu ulinianza usiku wa kusi, mkunga kasema hapa hapatoki mtoto, nendeni hospitali ya Mkoani. Dau la mume wangu halikuweza kutoka kwa bahari ile. Sheha akazungumza na watu wa doria, wakaja. Nnachokumbuka ni koti zito la mvua mtu kanifunika nalo, lina harufu ya dizeli, na sauti inasema "mama, shika hapa, usishike pale, pale pana moto". Mtoto alizaliwa salama, leo ni mwalimu. Koti sikulirudisha. Tulilikata tukafunikia banda la kuku.

Mpemba wa Msuka
Bwana wa Malindi, hicho kimbunga chako cha 1872 ndicho kilichotupa sisi karafuu. Mikarafuu ya Unguja iling'oka, ya Pemba ikasalimika zaidi, na toka hapo nyinyi mnanunua kwetu. Na karafuu ndizo zilizonikutanisha na watu wa bahari, kwa njia ambayo mama yangu hajaipenda mpaka leo.

Mjomba wangu (simtaji) alikuwa na magunia sita ambayo hakutaka kuyapeleka yanakopelekwa. Bei ya Shimoni, upande wa Kenya, ilikuwa tamu. Mimi miaka kumi na nne, kazi yangu kukumba maji na kunyamaza. Tukaondoka baada ya isha, upande wa Ras Kigomasha, mnara wa taa unatupitishia jicho kila mara, na mimi najiona kama umetujua. Mjomba kayafunika magunia kwa nyavu, juu ya nyavu kamwaga dagaa wabichi, eti harufu ifiche harufu. Wallahi sijapata kunusa kitu kama kile. Karafuu haifichiki kwa dagaa, inapata rafiki tu.

Katikati ya mkondo mashine ikakohoa mara mbili ikafa. Tukavuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Tanga tulikuwa nalo, upepo haukuwepo. Wanaolijua bahari la pale wanajua: hukai, unachukuliwa kaskazini, na kaskazini ni Lamu, halafu ni wapi sitaki kusema. Mjomba akaanza Yasin. Akiimaliza anaivuta mashine, akiivuta anaanza upya.

Karibu na alfajiri tukaona taa. Mjomba akasema, "Hao!" kwa ile sauti ya kuogopa. Ndio watu tuliokuwa tukiwakimbia usiku kucha. Akanambia nilale chini. Nikalala juu ya dagaa. Taa ikapita mbali, ikaanza kupungua, na hapo nikamsikia mjomba wangu, mtu mzima mwenye ndevu, anapiga kelele "Nduguu! Nduguu! Tupo hukuu!" huku anapunga kanzu yake.

Walipofika, yule aliyesimama omo hakuuliza kitu. Alivuta pumzi mara moja tu, akamtazama mwenzake, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wakatufungasa mpaka bandarini. Njiani wakatupa chai ya tangawizi na mkate wa mofa, mjomba hakula, mimi nilikula na wa kwake. Kufika nchi kavu kicheko kikaisha, karafuu zikachukuliwa, mjomba akaandikiwa maelezo, faini akalipa kwa ng'ombe wawili.

Binti Kibweni
Mpemba, nimecheka mpaka nimepaliwa 😂

Sisi tuliokulia jirani na KMKM Kibweni tumezowea: tarumbeta la asubuhi ndilo saa ya kwenda skuli, na Jumapili ni mpira. Wengi wa bara wanaijua KMKM ni timu tu, wakiambiwa ni kikosi wanashangaa. Hata wengine humu wanachanganya: KMKM ni kikosi cha Serikali ya Mapinduzi, kazi yake ya asili imo kwenye jina, kuzuia magendo. Wanamaji wa JWTZ ni kamandi nyengine, makao Kigamboni.

Baharia Mstaafu
Binti kasema kweli, nami nilikuwa wa huko Kigamboni. Mtoto wa Tumbe, nimezaliwa ndani ya ngalawa, niliingia jeshini nikiwacheka vijana wa Dodoma na Singida wasiojua kuogelea. Siku ya kwanza kwenye meli ya chuma, bahari shwari kabisa, nilitapika mpaka nyongo. Ngalawa unaiona inavyokwenda, mwili unajipanga. Chuma kinatetemeka kutoka chini na harufu ya mafuta imefungwa ndani. Kijana wa Singida ndiye aliyenishikia ndoo.

Nilikuwa nimeshastaafu 2015 zilipopokewa Mwitongo na Msoga, zile meli mbili za doria kutoka China. Nilialikwa, nikakaa na wazee wenzangu. Mmoja akaniuliza kama nitapanda. Nikamwambia nitazitazama hapahapa.

Mtembeza Wageni
Mimi hupeleka watu kisiwa cha Chapwani. Wanakwenda kwa mchanga na popo wakubwa, lakini kuna makaburi ya mabaharia wa Kiingereza, na wengi hawakufa vitani. Wengine ni wa zama za HMS London, meli iliyofungwa hapa bandarini kuanzia 1874, boti zake zikitafuta majahazi ya watumwa. Nahodha wake, Brownrigg, aliuliwa Disemba 1881 karibu na Pemba, alipolisogelea jahazi lenye bendera ya Kifaransa akidhani ni ukaguzi wa kawaida.

Mwaka mmoja akaja bibi wa Kiingereza na karatasi yenye jina la mtu wao aliyekufa kwa homa akiwa kijana. Tukatafuta saa mbili, maandishi mengine yameliwa na chumvi. Hatukulipata. Akaokota komwe, akaliweka kwenye kaburi lisilo na jina, akanambia "huyu naye atakuwa na mtu". Sikumtoza nauli ya kurudi.

Mtu wa Malindi
Kwa usawa, na sisi tumewahi kuwapelekea wageni meli yetu. 1840 jahazi la Sayyid Said, Sultana, liliingia New York na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, limechoka kwa safari. Wanamaji wa Marekani wakalikarabati bila ya kutoza kitu. Nani ana mzee aliyesimuliwa habari hii nyumbani? Sio ya kwenye makumbusho, ya barazani.

Mpemba wa Msuka
Ya Marekani sina. Ila mjomba kasomewa uzi wote na binti yake. Kanipigia simu, kakasirika. Anasema magunia hayakuwa sita, yalikuwa kumi na moja, na kwamba hakupunga kanzu, alipunga shuka langu.