Gari jipya halina tairi la akiba: nilinunue, au chupa ya dawa inatosha?

Msafiri wa Alfajiri anauliza:

Salamu kwenu nyote. Mwezi uliopita niliachana na gari langu la zamani, lililokuwa na tairi la akiba la ukubwa kamili, nikanunua gari la kisasa. Nilipofunua zulia la buti nilikuta shimo la duara lililojazwa sponji, na juu ya sponji hiyo chupa ya dawa ya kuzibia pancha pamoja na pampu ndogo inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti. Jeki haikuwamo, wala wili spana. Muuzaji alinieleza kwa upole kwamba magari ya siku hizi hayahitaji vitu hivyo, na wakati ule sikuwa na hoja ya kumjibu.

Siku nyingi za wiki gari hutembea safari fupi, mahali ambapo fundi wa matairi hayuko mbali. Hata hivyo, mara moja au mbili kila mwezi husafiri mwendo mrefu na watoto, sehemu ya safari ikiwa usiku, kwenye barabara yenye mashimo ambako mtandao wa simu hukatika kwa muda mrefu. Katika miaka 11 ya gari la zamani nililifunga tairi la akiba mara tatu: mara mbili kwa sababu ya misumari, na mara moja jiwe lilipochana ubavu wa tairi. Gari hili jipya lina rimu za inchi 18, na ubavu wa matairi yake ni mwembamba mno nikilinganisha na yale niliyoyazoea.

Je, chupa hii inatosha? Kama haitoshi, ninunue tairi jembamba la muda au tairi kamili, na je, uzito huo utakula mafuta kiasi cha kujali? Ningefurahi zaidi kujibiwa na watu waliowahi kubadilisha tairi wenyewe, gizani, na abiria wakiwa wanasubiri.

Fundi wa Pembeni:

Ndugu Msafiri, muuzaji hakukudanganya, ila hakukuambia ni nani anayefaidika. Kuondolewa kwa tairi la akiba humpunguzia mtengenezaji gharama na uzito, gari likaonekana bora kidogo linapopimwa matumizi ya mafuta na moshi, na nafasi iliyo chini ya buti ikapatikana kwa betri, kwa bomba la pili la moshi au kwa mizigo. Wewe unapata sehemu ya faida hiyo, lakini hasara ya kukwama barabarani inabaki kwako peke yako.

Sasa tuitazame chupa. Dawa hiyo imetengenezwa kwa ajili ya tundu dogo, kwa kawaida lisilozidi milimita 6, lililo kwenye uso wa tairi, yaani ile sehemu inayokanyaga barabara. Kwa msumari au skrubu hufanya kazi vizuri, na usiuchomoe msumari kabla ya kuitia, kwa sababu ukiuchomoa unapanua njia ya upepo kutoka. Ukishaitia na kujaza upepo, unaendesha kwa dakika kama 10 ili dawa isambae, unasimama na kupima upepo tena, kisha unakwenda moja kwa moja kwa fundi bila kuzidi kilomita 80 kwa saa. Tafadhali mwambie fundi huyo kwamba ndani kuna dawa, maana wengi wetu tumewahi kumwagikiwa na uji ule mweupe bila kuonywa, na sensa ya upepo inahitaji kusafishwa kabla haijaharibika.

Ubavu uliochanika ni jambo jingine kabisa. Ubavu wa tairi hujikunja na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka, na hakuna dawa ya chupa itakayoshika mahali panapocheza namna hiyo. Vivyo hivyo kwa tairi lililopasuka, lililochomoka kwenye rimu, au lililo kwenye rimu iliyopinda baada ya kugonga shimo. Kwa hiyo, katika yale matukio yako matatu, chupa ingekuokoa mara mbili, na mara ya tatu ingekuacha pale pale. Nawe umehamia kwenye matairi ambayo yanaikaribisha zaidi ile mara ya tatu: ubavu mnene hulainisha pigo la shimo, lakini ubavu mwembamba hubanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu, nyuzi za ndani zikakatika, na ndipo tunapoletewa matairi yenye uvimbe kama yai ubavuni.

Kuhusu mafuta usijisumbue. Makadirio rasmi ya Marekani ni kwamba kilo 45 za ziada hupunguza umbali unaopatikana kwa kila lita kwa takriban asilimia 1. Gurudumu la akiba pamoja na jeki na spana ni kilo 20 au 25, yaani nusu ya hapo. Watu hubeba uzito kama huo wa takataka za buti mwaka mzima bila kuulalamikia.

Tairi jembamba la muda linatosha kwa mtu wa safari zako, mradi uyaheshimu masharti yake. Ubavuni limeandikwa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na kwa kawaida hutaka upepo wa psi 60, karibu mara mbili ya matairi yako ya kila siku. Gari hushika barabara kwa udhaifu zaidi na breki huchukua umbali mrefu zaidi, hasa kwenye mvua. Kama gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele na pancha imetokea mbele, ni bora kuhamisha tairi zima kutoka nyuma kulipeleka mbele, halafu lile jembamba likafungwa nyuma. Ni kazi mara mbili, lakini mbele ndiko kwenye usukani, mvuto na sehemu kubwa ya breki. Ukiwa na gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, soma kwanza kitabu cha gari, kwa sababu tairi lenye kipenyo tofauti hulazimisha difu (giya zinazogawanya mzunguko kati ya magurudumu) kufanya kazi muda wote na linaweza kuiharibu.

Kwa maelezo uliyotoa, mimi ningenunua, na chupa ningeibakiza humo humo.

Mzigo Mwepesi:

Naheshimu maneno ya Fundi, lakini naona tunasahau upande mmoja. Nimekaa miaka saba bila tairi la akiba, na sijutii. Pancha nyingi si mpasuko; ni upepo unaovuja polepole, na magari ya kisasa hukuonya mapema. Nchini Marekani mfumo wa kufuatilia upepo umekuwa wa lazima kwa magari mapya madogo tangu Septemba 2007, na katika Umoja wa Ulaya kila gari jipya la abiria linalouzwa tangu Novemba 2014 linao. Mara zote mbili nilizopata pancha taa iliwaka tairi likiwa bado na upepo wa kutosha. Niliongeza kwa pampu, nikaenda kwa fundi, na dawa yenyewe sikuifungua.

Jambo la pili ni mwili. Mgongo wangu haunyanyui tena gurudumu la kilo 20, na kupiga magoti kando ya magari yanayopita kwa kasi, usiku, ni hatari kuliko kungoja msaada nyuma ya kizuizi cha barabara. Nakiri kwamba mimi huendesha mahali ambapo simu hupatikana na gari la kuvuta hufika ndani ya saa moja. Ndugu Msafiri amesema kwake mtandao hukatika, na hapo hoja yangu inapungua nguvu.

Wapo pia watakaomshauri matairi ya ranifleti, yenye ubavu mgumu unaobeba gari hata upepo ukiisha. Kwa kawaida hukupa kilomita 80 hivi kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Niliwahi kuwa nayo: ni magumu, ni ghali kuliko ya kawaida, na mafundi wengi hukataa kuyaziba yakishatembea bila upepo. Ubavu ukichanika nayo pia huenda kwenye jalala.

Mama Kilomita:

Niongeze lile ambalo hakuna aliyelitaja, nalo ni kwamba tairi la akiba lisilotunzwa ni uzito tu. Nilipata pancha saa tano usiku nikiwa na mama yangu mzazi na mwanangu, nikafungua buti kwa kujiamini kabisa, nikashusha tairi lililokuwa zuri kama jipya, na lilipogusa ardhi likakaa chapati. Halikuwa limetiwa upepo tangu nilinunue gari. Tulilala ndani ya gari hadi asubuhi, na mama hakuacha kuniuliza, kila baada ya nusu saa, kwamba hilo la pili nililibebea nini.

Tangu hapo kila ninapopima upepo wa matairi manne, la tano nalipima pia. Soma na umri wake: baada ya herufi DOT ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho, ambapo 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata usipokanyaga barabara. Watengenezaji wengi wa magari hutaka tairi libadilishwe likifika miaka 6, na wale wa matairi huweka ukomo wa miaka 10, la akiba likiwemo. Chupa ya dawa nayo ina tarehe ya mwisho. Ya kwangu nilikuta imepita miaka miwili.

Ukinunua, kumbuka kwamba rimu za kisasa mara nyingi zina nati moja ya kufuli kwa kila gurudumu. Bila ule ufunguo wake mdogo, tairi la akiba, jeki na spana havitakusaidia kitu. Wa kwangu niliukuta kwa fundi aliyenifungia matairi, ndani ya kopo la skrubu.

Mzee wa Karabureta:

Kwa ufupi tu, maana wenzangu wamemaliza kazi. Msafiri asione ajabu kununua tairi la akiba kando na gari, kwa sababu lilianza hivyo hivyo. Magari ya mwanzo hayakuwa nalo, na mwaka 1904 karakana moja ya mtaa wa Stepney, mjini Llanelli huko Wales, ikaanza kuuza rimu ya ziada yenye tairi lililokwisha kujazwa upepo, ambayo dereva aliibana juu ya gurudumu lenye pancha. Nchini India hadi leo tairi la akiba huitwa stepney.

Msafiri wa Alfajiri:

Nawashukuru sana. Nimepima lile shimo: tairi kamili halitaingia bila kuinua sakafu ya buti, kwa hiyo nimeamua kuchukua jembamba. Tarehe ya chupa nimeisoma, bado ina miaka miwili. Ndugu Mzigo Mwepesi, hoja ya kungoja nyuma ya kizuizi nimeichukua, nami nitabeba taa ya kichwani na pembetatu za tahadhari. Nimebakiwa na swali moja: nimepata gurudumu jembamba lililotoka kwenye gari la aina nyingine, rimu inchi 17, matundu matano kama yangu. Je, litafaa?

Fundi wa Pembeni:

Idadi ya matundu peke yake haitoshi. Linganisha pia kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu hayo, ukubwa wa tundu la kati linalokaa kwenye kitovu cha gurudumu, na kipenyo cha jumla cha tairi, ambacho kinapaswa kukaribiana sana na cha matairi yako. Ukishaona vinalingana, usiondoke hapo. Lifunge mbele, ulizungushe kwa mkono, kwa sababu breki za mbele ni kubwa na rimu ndogo inaweza kugusa kalipa, yaani kibanio cha breki. Kisha lifunge na nyuma. Jaribio hilo lifanyie nyumbani mchana, ukitumia jeki ileile utakayosafiri nayo, na nati zilegeze gurudumu likiwa bado chini. Angalia pia kama nati za rimu zako zinakaa sawasawa kwenye rimu ya chuma ya hilo jembamba, maana baadhi ya magari huhitaji nati tofauti, na baada ya kilomita 50 za mwendo zikaze tena.

Sponji iliyomo itoe yote. Gurudumu lazima libanwe kwa skrubu ndefu ya katikati inayoingia kwenye sakafu. Kama haikuja na gari, iagize pamoja na tairi, na usafiri wa kwanza na watoto usubiri hadi ifike.