Zebra imefutika barabara ya Dar hapa Dodoma, tuombe nini kwenye barua ya mtaa?

mkazi_nzuguni
Wakuu habari za leo. Niko Nzuguni, watoto wetu wanavuka barabara ya Dar kwenda shule, malori yanakuja spidi, mabasi yanawahi stendi, bodaboda ndo usiseme. Zebra imefutika na hata ilipokuwa mpya haikusaidia kitu, gari moja linasimama kumpisha mtoto, la nyuma linaovateki na yeye ashaingia katikati. Mkutano wa mtaa umekubali tuandike barua ila wengine wanataka daraja la juu, wengine taa, wengine matuta. Mwenye uelewa anisaidie, tuombe nini hasa?

mchora_ramani
Daraja la juu wekeni pembeni kwanza mkuu. Ni ghali halafu mama mwenye ndoo kichwani au mwenye baiskeli ya gunia la mkaa hapandi zile ngazi, atakatiza chini palepale. Shida yenu ni spidi, barabara ikiwa pana na nyoofu dereva anakanyaga tu hata ukimwekea kibao. Sheria inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, WHO (Shirika la Afya Duniani) wanashauri 30 penye waenda kwa miguu wengi, na gari likitoka 50 hadi 65 hatari ya anayegongwa kufa inapanda zaidi ya mara nne. Kwahiyo ombeni zebra iliyojengwa juu ya tuta pana lenye bapa, na kisiwa katikati ili mtoto avuke upande mmoja, asimame salama, ndo avuke wa pili, na pale kwenye kisiwa hakuna wa kuovateki. Dar shirika la usalama barabarani la Amend lilifanya mradi unaoitwa SARSAI kuzunguka shule za msingi, njia za miguu, matuta, vivuko, vitu vya bei ndogo tu, na 2019 ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross.

baiskeli_dom
Naunga mkono ila jamani baiskeli msizisahau, mji wetu ni tambarare watu wanabeba maziwa, maji, kila kitu. Njia ya pembeni ikiwa ni mstari wa rangi tu inageuka parking ya bajaji na meza za mitumba, kwahiyo iinuliwe na iwekewe nguzo za zege. Dar njia za baiskeli pembeni ya mwendokasi bodaboda wanapita humo humo. Na vyuma vya kufunika mitaro vilazwe kukatisha njia, vikilazwa kufuata njia tairi jembamba linazama na mtu anaruka juu ya hendo. Halafu miti jamani, jua la Dodoma saa nane mchana nani atatembea njia isiyo na kivuli, watu watarudi kufuata kivuli popote kilipo hata kama ni barabarani.

Mama_Makulu
Tuta la ghafla kwenye barabara kuu mie naliogopa, lori lenye mzigo breki zikigoma itakuwaje?

mchora_ramani
Hoja ya msingi dada yangu. Ndo maana vinatangulizwa vile vituta vidogo vinavyotetemesha gari, na vibao, dereva anapunguza mapema kabla hajafika kwenye tuta lenyewe. Mkuu wa Nzuguni, barabara ya Dar iko chini ya TANROADS (wakala wa barabara kuu) na mitaa ya ndani ni TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), andikeni barua mbili. Ambatanisheni picha za asubuhi watoto wakivuka na idadi yao mliyohesabu wenyewe, na nakala mpeni diwani.

mkazi_nzuguni
Asanteni sana. Jumatatu tunaanza kuhesabu, mwenye simu yenye kamera nzuri huku kwetu aje tusaidiane.