Naomba ushauri: programu ya kikoba, nani aone deni la nani?

Habari zenu wakuu. Mama yangu ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama 23 huku Mbagala. Mvua za masika zililowesha daftari, wino ukatapakaa kwenye ukurasa wa marejesho, na mpaka leo mama mmoja anashikilia kwamba elfu 40 alishalipa. Nimeanza kutengeneza kiprogramu cha simu: hisa, mkopo, rejesho, basi. Hakichukui orodha ya namba wala picha zilizomo kwenye simu ya mtu. Tumeshaona wale wa programu za mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, wanavyowatumia ndugu zako meseji za kukudhalilisha.

Nimekwama pawili. Wengi wa akina mama hao wana vitochi (simu ndogo za batani), kwa hiyo nafikiria kila malipo yamtumie mhusika SMS. Herufi 160 zinaisha haraka ukianza na salamu, na kila meseji ni hela. Nani alipie?

La pili ndilo linanikosesha usingizi. Kwenye daftari kila mtu anaona deni la mwenzake, na ile aibu ndiyo inayofanya watu warejeshe. Nikificha, kikoba kinaweza kuyumba. Nikiacha wazi, skrinshoti moja tu na mtaa mzima unajua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazungumzia ridhaa, lakini nikimwambia mama ananijibu, "Wewe andika tu, kwani hatujuani?"

Mliowahi kutengeneza kitu cha namna hii, mlifanyaje?