Wiski ya singo molti na siga: ipi iende na ipi?

Mzee wa Isevya (Tabora)
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Shemeji yangu ameniletea kutoka safarini chupa mbili za wiski ya Uskoti, zile ziitwazo singo molti, za kimea kitupu cha shayiri kutoka kiwanda kimoja: Glenfiddich ya miaka 12 na Laphroaig ya miaka 10. Amenipa pia siga (majani ya tumbaku yaliyosokotwa) za Nikaragua, baadhi zenye jani la nje la rangi ya chai ya maziwa na nyingine nyeusi tititi. Naomba kujua ipi niinywe na ipi. Aidha, kwa kuwa nalima tumbaku, je, nikisokota jani langu mwenyewe, halitafaa?

Mwanga Juu (Kigoma)
Shikamoo mzee. Glenfiddich ni wiski laini yenye harufu ya matunda, hususan pea, kwa hiyo ipe siga ya jani jeupe. Ukiiwekea ile nyeusi, hutaonja chochote ila tumbaku. Laphroaig inatoka kisiwa cha Islay, ambako kimea hukaushwa kwa moshi wa piti, yaani udongo wa mabwawani unaochimbwa na kuchomwa kama kuni, ndiyo maana hunukia moshi na ayodini kama chumba cha kufungia vidonda. Hiyo ndiyo inayoweza kusimama na siga nyeusi. Tanguliza funda la wiski kabla ya kuwasha, na usiweke barafu, kwa sababu ubaridi huziba harufu. Matone machache ya maji yanatosha.

Mkaguzi wa Jani (Urambo)
Kuhusu Glenfiddich nakubaliana na ndugu yangu wa Kigoma, lakini moshi juu ya moshi sikubaliani nao hata kidogo, kwani baada ya nusu siga ulimi huwa hautofautishi tena piti na jivu. Siga nyeusi huitaka wiski iliyolala katika mapipa ya sheri, yaani mvinyo wa Kihispania, kwa mfano Glenfarclas au GlenDronach, ambayo utamu wake wa zabibu kavu hupunguza ukali wa jani.

Ama jani lako, mzee, liache liende sokoni. Tumbaku yetu ya mvuke hukaushwa kwa joto la bani, yaani banda la kukaushia, kwa siku chache, sukari ikabaki ndani, na moshi wake ni wa kuvutwa kifuani, yaani wa sigara. Jani la siga hukaushwa kwa hewa kwa wiki kadhaa, kisha hulundikwa likachachuka lenyewe hadi amonia itoke. Moshi wake hukaa mdomoni tu, haumezwi. Atakayeuvuta kama sigara atakohoa mpaka wiski imwagike.

Mwanga Juu (Kigoma)
Hoja ya sheri naipokea, ila mzee hana chupa hiyo, na Laphroaig anayo mezani. Aifungue mwisho, siga ikiwa imebaki theluthi.

Mzee wa Isevya (Tabora)
Nimewaelewa. Mbona moja ya zile nyeusi imeanza kupasuka jani la nje?

Mkaguzi wa Jani (Urambo)
Ni kiangazi chetu hicho. Siga hutaka unyevu wa karibu asilimia 70. Zitie zote katika kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na sponji yenye unyevu isiyozigusa, uzikague kila siku zisiote ukungu. Iliyopasuka ivute kwanza.