Mtoto wa kiume, Ujerumani, jina Adolf: mnasemaje?

Mhaya_wa_Kassel: Wakuu, mke wangu Mjerumani, tunatarajia wa kiume. Babu yangu Bukoba aliitwa Adolf, nataka kumrithisha. Mama mkwe kusikia tu kaweka kijiko chini, supu ikapoa mbele yake. Jina lina kosa gani?

KibokoYao: Huko si limepigwa marufuku?

Ticha Mstaafu: Halijapigwa. Baada ya 1945 watu wenyewe walilikimbia. Ni la Kijerumani cha kale: *adal*, nasaba bora, na *wolf*, mbwamwitu. Gustav Adolf, mfalme wa Sweden, aliuawa vitani Lützen 1632, Hitler hata hajafikiriwa.

Shangazi_Tena: Mbwa! Mhaya mzima unaacha Mugisha unamwita mtoto mbwa wa Wazungu. Utumwa wa kichwani huo.

Mhaya_wa_Kassel: Shangazi, babu yangu si mbwa. Futa hiyo.

Shangazi_Tena: Sijamgusa marehemu. Nimesema jina. Mimi Rehema, Kiswahili safi, sina deni na mtu.

Mpemba Asilia: Kiswahili safi? Rehema si Kiarabu hicho, dada yangu? 😂

Shangazi_Tena: Kiarabu kimekaa kwetu karne na karne, kishakuwa cha nyumbani. Wewe nani kakuuliza?

Mhaya_wa_Kassel: Na Adolf kwetu ni la nyumbani pia! Babu hakupewa na askari wa Kijerumani. Alibatizwa kwa jina la Adolf Mukasa Ludigo, shahidi wa Uganda, waliyemchoma moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Hitler kazaliwa 1889. Nani kamwibia mwenzake?

KibokoYao: Sawa, ila hiyo hadithi ataisimulia nani chekechea kila asubuhi mwalimu akiita majina? Wewe utakuwa kazini.

Mpemba Asilia: Dada Rehema bado hajajibu.

Shangazi_Tena: Rehema ni jina la bibi yangu mzaa mama. Asiliguse mtu!

Ticha Mstaafu: Eti "asiliguse mtu". La babu wa mwenzio ukaliita mbwa.

KibokoYao: Mwiteni Adi. Mwenye adidas naye alikuwa Adolf, Adolf Dassler, akalikata. Viatu vyake mnavaa wote humu.

Mhaya_wa_Kassel: Mke kawasoma wote kwa programu ya kutafsiri. Ya Ludigo kayapita. Anauliza Mugisha maana yake nini.

Shangazi_Tena: Baraka. Nayo ni Kiarabu, Mpemba, kabla hujafungua mdomo.