Sabuni ya maji inalegea mchana: niongeze chumvi au niache?

Mama Sabuni, Kisauni
Asalaam aleikum waungwana. Natengeneza sabuni ya maji na kuiuza kwa lita. Nikikoroga ungarol (ile kemikali ya kutoa povu na kung'oa mafuta), maji na chumvi usiku, asubuhi imeshika vizuri, ukiinamisha chupa inashuka polepole. Ikifika saa nane mchana kwenye kibanda cha mabati imekuwa nyepesi, wateja wanasema nimeichakachua. Nilitaka kuongeza chumvi, lakini jirani yangu aliongeza yake ikazidi kulegea. Naomba mnieleze na sababu, si kipimo tu.

Mwalimu wa Fizikia, Shanzu
Waaleikum salaam dada. Huo ni mnato, yaani ukinzani wa kimiminika kwa mtiririko. Kikimiminwa, tabaka zake huteleza moja juu ya nyingine huku zikizuiana. Joto likipanda, molekuli huachana kwa urahisi na mnato hushuka. Hata maji matupu yakitoka nyuzi joto 20 hadi 40 hupoteza kama thuluthi ya mnato wake. Kwa hiyo sabuni yako haijaharibika, ikipoa itashika tena. Wala usichanganye mnato na uzito: mafuta ya kupikia yana mnato mkubwa kuliko maji, na bado yanaelea juu yake.

Bi Ungarol, Kongowea
Shoga, chumvi ina kilele chake. Mwanzo inafanya chembe za ungarol zijipange kama nyuzi ndefu, zinatatizana, sabuni inashika. Ukipita kilele nyuzi zinaota matawi, zinapishana kwa urahisi, sabuni inarudi maji. Ndiyo yaliyompata jirani yako. Usitie chumvi kavu kwa kiganja! Iyeyushe kwanza, ipime kwa mizani, tia kidogo kidogo kwenye lita moja ya majaribio. Koroga taratibu, subiri povu litulie ndipo uamue, maana hewa iliyonaswa inaifanya ionekane nzito. Na majaribio yafanye mchana, hapo hapo kibandani.

Mwalimu wa Fizikia, Shanzu
Naunga mkono. Ukitaka kulinganisha mapishi mawili, tumia chupa ndefu inayoonyesha ndani. Dondosha goroli ile ile, kutoka usawa ule ule, saa ile ile ya mchana, uhesabu sekunde hadi ifike chini. Inayochelewa zaidi ndiyo yenye mnato mkubwa. George Stokes aliandika hesabu za kitu kinachozama hivyo mwaka 1851.

Mzee wa Likoni
Na wateja waambie ukweli: kinachong'oa mafuta kwenye sufuria ni ungarol iliyomo. Sabuni inaweza kushika kwa chumvi na bado isisafishe vizuri.

Mama Sabuni, Kisauni
Mungu awabariki. Na mtungi wa jirani je, aumwage?

Bi Ungarol, Kongowea
Asimwage hata tone. Akoroge ungarol na maji pembeni bila chumvi, aichanganye humo kidogo kidogo, kila mara aipumzishe na kuitazama. Ikishaanza kushika, aachie hapo.