Nitajuaje utepe wa medali ya vita ya zamani ni orijino?

mgeni_wa_medali: Wakuu habari zenu. Nina medali mbili za Uingereza za vita ya kwanza ya dunia, ile ya fedha yenye utepe wa rangi ya chungwa katikati na ile ya ushindi yenye utepe wa upinde wa mvua. Medali zenyewe sina wasiwasi nazo, jina na namba ya askari vimegongwa kwenye ukingo na vinafanana zote mbili, ila tepe ndo zinanichanganya, wa chungwa umechoka umepauka, huu mwingine unang'aa kama umetoka dukani jana, halafu ni mpana kuliko mwenzake. Muuzaji anasema zote za tangu enzi hizo. Na je utepe ukiwa wa juzi medali inakua feki?

Tai_Mzee: Upana usikutishe mkuu, wa ushindi ni milimita 39 hivi na wa chungwa 32, ndo zilivyo. Chukua taa ya UV ya kukagulia noti, zima taa za chumba. Utepe ukiwaka weupe wa kibluu una dawa ya kung'arisha nguo, ambayo ilienea baada ya vita ya pili. Angalizo: wa zamani ukifuliwa na sabuni ya kisasa nao unawaka, na usipowaka bado hujathibitisha kitu.

kobe77: Mnazunguka sana, toa uzi choma. Hariri ya tepe za zamani inanuka nywele zilizoungua na jivu lake linasagika, nailoni ya kisasa inayeyuka inakua kidonge kigumu. Kwisha.

Bi_Sanduku: Jamani kobe, kitu cha miaka mia unakiendea na kiberiti?? Kwanza ageuze. Utepe uliovaliwa umepauka mbele, ila ndani ya mkunjo pale unapopita kwenye kitanzi rangi bado mbichi, na mara nyingi utakuta matundu ya pini yenye kutu. Ukiwa umefubaa sawasawa mbele, nyuma na ndani, mtu kauchovya kwenye chai huyo ili uonekane wa kale. Na utepe mpya haufanyi medali feki, zilikua zinachakaa na askari wenyewe walibadilisha, vilevile utepe wa kale unaweza kushonwa kwenye medali feki, kwa hiyo hukumu medali kwa medali. Rangi nazo usikimbilie kuzikataa, Victoria Cross (nishani ya juu ya ushujaa ya Uingereza) watu wanaijua kwa utepe mwekundu, ila ya wanamaji ilikua na utepe wa bluu mpaka 1918.

mgeni_wa_medali: Nimegeuza, wa chungwa ndani mbichi kabisa na kutu ya pini ipo. Wa upinde umewaka hatari, na nyuma ni mpya hivyohivyo. Muuzaji nimemtumia picha, kasoma kakaa kimya 😂

Bi_Sanduku: Mwambie akupunguzie hela basi, alikuuzia kwa maneno ya "orijino". Wa chungwa usiufue, usiupige pasi, na usiuache dirishani.

kobe77: Uzi mmoja tu lakini 🙄